Msiige watu wa raifo: risasi na matunzo ya bastola ya upepo

Kuna dada kanikamata mlangoni hapo, ana makopo matatu ya risasi mkononi, moja 4.49, moja 4.50, moja 4.51 (hizo ni milimita za upana wa kichwa cha risasi), ananiuliza mwalimu nichukue ipi. Nikamuuliza unapiga ngapi kwa mishale sitini, samahani, risasi sitini (mimi nilianzia kwenye upinde ndo maana), akasema 520 kati ya 600. Basi dada, chukua yoyote.

Hapana msicheke, nina sababu. Wenzetu wa raifo ya upepo ya mita 10, ile kumi yao, yaani duara la katikati la pointi kumi, ni kidoti cha nusu milimita, kwa hiyo wana haki ya kugombania sehemu ya mia ya milimita kwenye kichwa cha risasi. Kumi yetu sisi ina upana wa milimita 11.5! Risasi yenyewe ni 4.5. Sasa hata kopo la kawaida, ukifunga bastola kwenye jiliwa ukapiga risasi kumi kwa mita 10, mara nyingi zote zinakaa ndani ya kumi. Kinachokupeleka kwenye saba ni kidole na kifundo cha mkono.

Ila kuna vitu viwili sikubali mjadala. Kwanza risasi iwe ya kichwa bapa, ile inayotoboa karatasi tundu la duara safi, zenye ncha waachieni wawindaji. Ya bastola ni nyepesi kidogo, karibu gramu 0.45, ya raifo 0.53. Pili, namba ya bechi, yaani mkupuo wa kiwandani. Mimi hili limenila siku nzima: kopo likaisha, nikafungua jingine la jina lilelile, kampuni ileile, risasi zikahamia kushoto, nikaanza kuchezea saiti, nikabadilisha mshiko, nikalaumu macho, jioni ndo nageuza kopo naona bechi tofauti. Tangu siku hiyo nikipata bechi inayokaa vizuri nanunua makopo kumi kwa mpigo, hata kama nakopa. Na usilitikise kopo kama njuga, madini ya risasi ni laini, sketi ya nyuma ikibonyea upepo unavuja upande mmoja. Nawa mikono pia kabla ya kushika chapati, ile ni sumu.

Sasa matunzo, hapa ndo naona watu wanaharibu vitu vya bei. Mtutu hauhitaji mafuta kila jumapili. Pitisha vile vipande vya pamba ngumu, viwili vitatu, mpaka kimoja kitoke karibu safi, halafu piga risasi chache za kuutuliza kabla hujaanza kuhesabu pointi. Ukimwaga mafuta ndani zitatawanyika mpaka yaishe.

Silinda ya hewa ya bastola: hewa kavu, kwa zilizo nyingi presha ya baa 200, ijaze polepole maana ukiiharakisha inapata moto, ikipoa unakuta geji imeshuka unadhani inavuja. OKSIJENI KAMWE, hata kama fundi wa kuchomelea ni shemeji yako, oksijeni ya presha ikikutana na mafuta ni mlipuko. Ikivuja kweli mara nyingi ni oringi tu, kile kipete cha mpira, kuwa nacho cha akiba. Silinda yenyewe usiifungue, peleka kwa fundi.

Na msidhani wakubwa hawaharibikiwi. Mpiga bastola Manu Bhaker wa India, Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, bastola ilimgomea katikati ya mchujo, dakika zikaenda, akamaliza wa 12 na pointi 575 wakati fainali wanaingia wanane. Paris 2024 akarudi na shaba mbili.

Mwisho, silinda ina tarehe, kanuni za kimataifa haziruhusu kupita miaka kumi na mkaguzi anaweza kukurudisha getini. Hebu zitoeni hapo kwenye mabegi tuzisome, naanza na wewe mzee wa kofia.