Mmeiondoa t, mipaka yake mmeipeleka wapi?

Walimu wenzangu, na nyinyi wa S.6 (kidato cha sita) mliobanana huko nyuma, wengi mmeshanisikia nikililalamikia hili: katika milinganyo ya parametric, ambapo x na y zote mbili zinapatikana kutokana na t, watu wanaiondoa t ili wabaki na mlinganyo wa x na y, kisha wanasahau mipaka. Mtaniwia radhi, leo nalirudia.

Andikeni x = sin t, y = sin² t. Mwanafunzi anatabasamu, anaandika y = x², anachora parabola inayopaa mpaka ukingo wa karatasi, kalamu chini. Amekosa! sin t haizidi 1 wala haipungui −1, kwa hiyo mkunjo ni kipande tu, kutoka (−1, 1) kupitia (0, 0) hadi (1, 1). Tena nukta haitulii. t ikitoka 0 hadi π/2, inapanda kulia mpaka (1, 1). Kutoka π/2 hadi 3π/2 inarudi njia ile ile mpaka (−1, 1), kisha inageuka tena. Hayo y = x² haiyasemi.

Chukueni x = t², y = t⁴. Ni y = x² tena, lakini x haiwi hasi: upande wa kushoto haupo. Na x = eᵗ, y = e²ᵗ? y = x² kwa mara ya tatu, na safari hii hata (0, 0) haimo, maana eᵗ haifiki sifuri. Jibu la Cartesian, yaani mlinganyo wa x na y peke yake, ni lile lile, mikunjo ni mitatu.

Najua kuna anayenong'ona kwamba mtihani haukuuliza mipaka. Ndugu yangu, swali likisema "chora", limeshauliza! Kabla ya kugusa t, andika x inaanzia wapi na kuishia wapi, na y vivyo hivyo. Ndipo uiondoe. Kisha chukua thamani tano za t, weka nukta, weka mishale. Hata dakika tano hazifiki.

Mtego mbaya zaidi ni huu: x = (1 − t²)/(1 + t²), y = 2t/(1 + t²). Pandisheni kwa kipeo cha pili, jumlisheni: x² + y² = 1. Duara zima? Haya, nitafutieni t ya (−1, 0). y = 0 inataka t = 0, na t = 0 inatoa x = 1. Basi haipo. t ikue kiasi gani, nukta inasogelea tu. Duara lina tundu moja, na jicho halilioni.

"Basi si tubaki na x na y za Descartes, yule mwanahisabati Mfaransa, za 1637?" Jaribuni kwa alama ya chokaa kwenye tairi la boda: x = a(t − sin t), y = a(1 − cos t), ambapo a ni nusu kipenyo cha tairi. Kuiondoa t hapo ni balaa, lakini kwa t mteremko unapatikana mara moja: sin t/(1 − cos t). Tao moja, yaani tairi likizunguka mara moja, lina urefu wa 8a. Tukichukua a = sentimita 30, alama imetembea 240 huku boda imesogea kama 188. Ila kwa t = 2π mnapata 0/0. Msiandike sifuri! Hapo alama imegusa lami, na mkunjo una ncha kali iliyosimama wima.

Muda unanitupa mkono. d²y/dx², yaani jinsi mteremko dy/dx unavyobadilika kadiri x inavyobadilika, msiipate kwa kugawanya d²y/dt² kwa d²x/dt², nawasihi. Nyambueni dy/dx kwa t, kisha gawanyeni kwa dx/dt.

Kabla hamjaenda kwenye chai: x = cos 2t, y = cos t. Mlinganyo siutaki. Niambieni mkunjo unaishia wapi.