Chuo Ambacho Hakikufunguliwa Mikindani

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu na vijana mliofika jioni hii hapa Mtwara, nimeombwa nieleze kwa nini chuo tulichokusudia kukijenga Mikindani hakikufunguliwa, nami nitaanza na jina lake, kwa sababu hapo ndipo tulipoanza kukwama.

Tulitaka chuo ambacho kila mwanafunzi, kabla ya kushika fani yoyote, angesoma mantiki, balagha (ufundi wa kusema na kushawishi), historia, hisabati, falaki (elimu ya nyota) na lugha. Wanazuoni wa Ulaya ya zama za kati walihesabu elimu saba za aina hiyo wakaziita sanaa huria, yaani elimu impasayo mtu aliye huru, na jina hilo tulilichukua kama lilivyo. Tulipolipeleka vijijini, waliosikia “huria” walidhani tunaleta tawi la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na waliosikia “sanaa” walifikiria vinyago. Katika nchi ya Wamakonde, nani angewalaumu? Kisha mama mmoja wa Newala akatuuliza, “Mwanangu akimaliza hapo, anakuwa nani?” Tulimjibu kwamba atakuwa mtu anayejua kufikiri. Akasema mwanawe anafikiri tangu zamani, na kwamba yeye anapalilia mikorosho ili apate mwalimu au tabibu. Alistahili jibu bora kuliko lile, na mpaka leo naona aibu kwamba hatukuwa nalo.

Masharti ya ithibati, yaani ya chuo kutambuliwa rasmi, tuliyafahamu, wala hayakutuangusha. Kilichotuangusha ni hesabu yetu wenyewe, ambayo ilitegemea ahadi za wakulima zitakazolipwa baada ya mauzo ya korosho. Msimu wa 2018 minada ilikwama kwa sababu ya bei, na mwezi Novemba Serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Fedha zilipowafikia wakulima, kulikuwa na deni la salfa, dawa ya mikorosho, na vibarua wa kulipwa kwanza, na hakuna mzazi mwenye akili timamu ambaye angeanza na sisi.

Mwenzetu mmoja alikuwa akitutajia Black Mountain College ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1933 na John Andrew Rice pamoja na wenzake, ambako walimu ndio waliokuwa wenye chuo na wanafunzi walishiriki kazi za shamba. Tuliupenda sana mfano huo. Tulisahau kwamba chuo kile hakikuwa na akiba, na kwamba kilifungwa mwaka 1957 kikiwa na madeni. Tungeitazama Ghana. Patrick Awuah alifungua chuo cha Ashesi mwaka 2002 katika nyumba ya kupanga mjini Accra, akiwa na wanafunzi 30. Alitoa shahada za biashara na kompyuta ambazo mzazi anazielewa, na ndani yake akaziweka falsafa, uandishi na maadili kwa kila mwanafunzi. Majengo yao ya Berekuso yalikuja mwaka 2011. Sisi tulianza na ramani ya majengo.

Kiwanja tumekirudisha kwa ukoo uliotupatia, kwa shukrani. Vitabu tulivyokusanya viko kwangu, vimefungwa vizuri visiliwe na mchwa, na mwalimu yeyote mwenye darasa, hata la watu kumi katika chumba cha kupanga, aje tuvibebe pamoja.