Dadu Ndefu na Sungura wa London: Misemo ya Utapeli ya Waingereza wa Kale

MWANAIDI: Karibuni tena kipindini. Leo tuko Uingereza ya karne ya 16, kwenye misemo ya utapeli. Kaka Sefu, tuanze na ule ambao Mswahili yeyote ataudaka. Sisi tunasema mtu kauziwa mbuzi kwenye gunia. Wenzetu wana nguruwe.

SEFU: "A pig in a poke." Hiyo "poke" ni mfuko; "pocket" ya leo ni ndugu yake. Na nguruwe mwenyewe ni yule mdogo wa kubebeka, maana mkubwa huo mfuko ataupasua. Ukinunua bila kufungua, umekwisha.

MWANAIDI: Halafu watu wanakuja na hadithi ya paka. Eti ndani kulikuwa na paka, ukifungua anachomoka, ndiyo maana Mwingereza akitoboa siri anaambiwa amemtoa paka mfukoni.

SEFU: Hilo mimi silimezi, dada. Paka akifungwa mfukoni atakwaruza, atalia kipaka, na mnunuzi atasikia. Tena nguruwe wa mfukoni yumo kwenye maandishi ya karne ya 16, ilhali paka wa siri anaonekana katikati ya karne ya 18. Wafaransa na Wajerumani, hao kweli, kwao aliyemo guniani ni paka, na maana ni kubambikiwa bidhaa. Ila kutoka hapo hadi kutoboa siri, mtu amejiungia tu.

MWANAIDI: Basi utajuaje asili ya kweli na ya kutungwa?

SEFU: Natafuta vitu viwili: maandishi ya wakati ule, na mkono. Kama msemo umetoka kwa matapeli, lazima kuwe na kitu ambacho mkono ulikuwa unafanya. Chukua "above board", yaani juu ya meza. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 inaeleza kwamba ni msemo wa wacheza kamari: mikono ikienda chini ya meza, karata zinabadilishwa. Mikono ikionekana, mchezo safi.

MWANAIDI: Na sisi hongo inapita chini ya meza. Haya, nakuona na dadu hapo, unaigeuzageuza tangu tuanze.

SEFU: Hapa ndipo penyewe. Mwaka 1552 kulichapwa London kijitabu cha kufichua wizi wa dadu, na kinaeleza dadu kama fundi anavyoeleza vifaa vyake. Kwanza "fullam". Hiyo imetobolewa ndani, ikatiwa kitu kizito kama risasi upande mmoja, tundu likazibwa. Uzito unashuka chini, uso wa upande wa pili unatazama juu. Ukiuweka uzito karibu na 1, inapenda 6. Ukiuweka karibu na 6, inapenda 1. Kwa hiyo tapeli alikuwa na za juu na za chini. Shakespeare anazitaja kwenye tamthilia yake ya wanawake wa Windsor, na watazamaji hawakuhitaji tafsiri.

MWANAIDI: Hiyo inashikika lakini. Ukiibana kidogo kwa vidole viwili kwenye pembe mbili zinazokabiliana, upande mzito si utazunguka wenyewe chini?

SEFU: Utazunguka. Ndiyo maana mimi naiheshimu zaidi ya pili, "langret". Haina risasi ndani. Ukiitazama ni dadu ya kawaida, ila imechongwa ndefu kidogo kwenye mstari wa 3 na 4. Kumbuka pande zinazokabiliana zinajumlika 7, kwa hiyo 3 na 4 ni ncha mbili za mstari mmoja. Kitu kirefu hakipendi kusimama wima, kinalala. Ikilala, juu patakuwa na 1, 2, 5 au 6.

MWANAIDI: Kwa hiyo 3 na 4 hazitoki. Faida iko wapi?

SEFU: Kulikuwa na mchezo uitwao "novum", wa dadu mbili, ambao pigo zake kuu ni 5 na 9. Sasa nitengenezee 5.

MWANAIDI: 1 na 4. Au 2 na 3.

SEFU: Na 9?

MWANAIDI: 3 na 6... 4 na 5. Ala!

SEFU: Umeona? Kila njia inapita kwenye 3 au 4. Dadu halali zina njia 36 za kuanguka. 5 ina njia 4, 9 ina njia 4, jumla 8. Weka langret mbili mezani, hizo 8 zinakaribia sifuri. Kijitabu kinaonya hata hitilafu yake: meza ikiwa na mikwaruzo, au dadu ikigonga kitu, inaweza kusimama wima na kumwaibisha mwenyewe.

MWANAIDI: Na 5 na 9 zisipotoka jioni nzima, hata mlevi atashtuka.

SEFU: Ndiyo maana alihitaji dadu nyingine kiganjani, abadilishe katikati ya mchezo. Kitendo hicho ni "foist", kutoka Kiholanzi, neno la ngumi: umeifumbata, unaiingiza kimyakimya. Leo Mwingereza akibambikiwa kazi au bidhaa anatumia neno hilohilo bila kujua kwamba lilikuwa la kiganja na dadu. Na wezi wa mifukoni wa London walilichukua pia: anayekata kamba ya kifuko kwa kisu ni "nip", anayeingiza mkono ni "foist". Wa pili alijiona fundi kuliko wa kwanza.

MWANAIDI: Na sungura?

SEFU: "Coney." Sungura wa kufugwa kwa nyama, mpole, anakuja mwenyewe wavuni. Mwandishi Robert Greene alianza kuchapa vijitabu vyake kuhusu wakamata sungura, yaani matapeli, mwaka 1591. Sungura ni mtu wa shamba aliyeingia London na kifuko chake. Kazi ya karata inataka watu watatu. Wa kwanza anamsalimia njiani, anachota jina, kijiji, jirani zake. Akikataa kunywa, anaachwa aende. Mbele kidogo anatokea wa pili, anamwita kwa jina, anauliza hali ya jirani fulani.

MWANAIDI: Akikataa tena?

SEFU: Wanaangusha shilingi njiani aione. Akiinama tu, mmoja anadai nusu kwa nusu. Wagawane, basi wakainywe. Huko baa sungura anafundishwa namna ya kuchungulia karata kabla ya kuitaja. Wa tatu anaingia kama mpita njia, wanamfilisi kidogo kwa mbinu hiyo, sungura anajiona naye ni tapeli. Halafu dau linapanda.

MWANAIDI: Hii ni pata potea kabisa! Wale wanaoshangilia pembeni ni timu moja.

SEFU: Ndiyo. Na aibu inamziba mdomo, maana naye alikuwa anaiba.

MWANAIDI: Na ile nusu shilingi yake?

SEFU: Imerudi kwao kabla ya kikombe cha pili.