Kuoanisha Chiriku: Uamuzi wa Ndege na Kazi ya Mfugaji

Mheshimiwa mwenyekiti, wafugaji wenzangu, mabibi na mabwana,

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni dume yupi apewe jike yupi. Jibu langu huwaudhi baadhi ya watu, hasa wanaofuga kwa ajili ya rangi, kwa kuwa naamini kwamba uamuzi huo, kwa sehemu kubwa, si wetu. Chiriku-milia wa Australia (zebra finch), ambaye hufugwa sana vizimbani, huishi na mwenzi mmoja kwa muda mrefu, na dume na jike hupokezana kuatamia na kulisha makinda. Wawili wasiopatana hawawezi kuifanya kazi hiyo.

Jambo hili lilipimwa na watafiti wa Taasisi ya Max Planck nchini Ujerumani, waliochapisha matokeo yao mwaka 2015. Waliwaacha majike 20 wachague wenzi wao kati ya madume 20, kisha baadhi ya jozi wakaziacha kama zilivyo, na nyingine wakazivunja na kuwapa ndege hao wenzi ambao hawakuwachagua. Jozi zilizojichagulia zilipata makinda waliosalimika kwa asilimia 37 zaidi. Katika jozi za kulazimishwa, mayai yasiyorutubishwa yalikaribia kuwa mara tatu, na makinda wengi walikufa ndani ya saa 48 za mwanzo, wakati ambapo madume wao hawakuwa makini kukaa kiotani. Basi mfugaji anayelaumu mbegu au hali ya hewa kila mayai yanapoharibika, aanze kwa kuwatazama ndege wake.

Namna ya kuwatazama ni rahisi, ingawa yataka subira. Waweke madume na majike kadhaa, kwa idadi sawa, katika kizimba kipana kisicho na viota, kila mmoja akiwa na pete ya mguuni ili umtambue. Dume ataruka-ruka kijitini akiimba, akigeuza mkia kuelekea kwa jike na kufuta mdomo wake kwenye kijiti. Hayo peke yake si ushahidi, kwa maana dume humwimbia karibu kila jike. Ushahidi ni jike kukubali kukaa naye wakigusana mbavu, huku mmoja akiinamisha kichwa na mwenzake akimchambua manyoya ya shingoni. Ukiona wawili wamelala hivyo usiku kadhaa mfululizo, hao ndio wa kuhamisha. Jike anayekaa ncha nyingine ya kijiti, au anayenyonyolewa kisogo, amekwisha kukujibu. Hata uchaguzi wa pete si jambo dogo, kwani uchunguzi wa mtafiti Nancy Burley ulionyesha kwamba majike wa chiriku-milia huvutiwa na madume waliovishwa pete nyekundu, na wale wa pete za kijani huachwa nyuma.

Hata hivyo yapo mambo mawili ambayo hatuwezi kuwaachia ndege. La kwanza ni udugu, kwa kuwa ndugu wanaokaa kizimba kimoja wanaweza kuoana. La pili ni kishungi. Chiriku-milia wawili wenye vishungi wasioanishwe, kwa sababu kinda anayerithi kishungi kutoka kwa wazazi wote wawili hufa, na hasara hiyo huangukia takriban robo ya mayai. Kwa chiriku wa Gould, mwenye kichwa cheusi, chekundu au cha manjano, watafiti Sarah Pryke na Simon Griffith walionyesha mwaka 2009 kwamba jike aliyepewa dume wa rangi nyingine ya kichwa huzaa madume wengi kuliko majike, na kwamba binti zake hufa zaidi. Kwa ndege huyo, kufuata rangi ni kumtii yeye mwenyewe.

Katika banda la wavu, viota viwe vingi kuliko jozi na vyote vitundikwe kwa kimo kimoja, la sivyo wote watapigania kile cha juu kabisa. Mayai yakishatagwa ondoa nyasi zilizobaki, kwa maana chiriku-milia huendelea kujenga hata akayafunika mayai yake. Huatamia kwa siku 12 hadi 14, na makinda hutoka kiotani wakiwa na umri wa wiki tatu hivi. Jike asikose kalisi, kwa mfano kifupa cha ngisi, kwani akiikosa yai linaweza kukwama na kumuua. Jozi zikishalea makinda mara mbili au tatu, viota viondolewe. Ndege wenyewe hawatapumzika wakiviona.

Wengi hupenda kuwapa chiriku wa Bengali mayai ya chiriku wengine wayaatamie. Mimi naitumia njia hiyo kwa shingo upande, kwa sababu Klaus Immelmann, mtafiti wa tabia za wanyama, alithibitisha kwamba madume wa chiriku-milia waliolelewa na Wabengali hukua wakiwatamani majike wa Kibengali, hata wawapo na majike wa aina yao. Ikibidi kuitumia, makinda wahamishwe mapema, mara tu wanapojilisha wenyewe, waishi pamoja na watu wazima wa aina yao, na madume wadogo wamsikie dume mzima akiimba, kwa kuwa wimbo huo hujifunzwa kabla ya siku 90 za umri. Katika umri huo tayari wanaweza kuzaa, lakini msiwape viota hadi watimize angalau miezi sita.