Vuli, Watoto Watatu na Kamba ya Nguo

ZUHURA: Asalaam aleikum wasikilizaji, karibuni tena barazani kwetu Tanga. Fundi yupo, mimi nipo, na mvua ya vuli nayo ipo. Mkiisikia inapiga bati, vumilieni.

MBWANA: Waaleikum salaam. Nesi leo kaja na karatasi.

ZUHURA: Ina mambo matatu, na leo tunayamaliza yote. La kwanza ni asubuhi: unawatoaje watoto watatu nyumbani wakati nje ni matope. La pili, maji ya mapipa na mbu. La tatu, matumbo ya kuhara, maana maembe ndiyo hayo yameingia. Ila nianze na Jumanne. Mvua ilishuka alfajiri. Saa kumi na mbili na robo mkubwa wangu wa darasa la pili hana shati kavu, wa kati wa awali hana soksi, na huyu wa miezi minane kabakiwa na nepi mbili. Na nguo zote zilifuliwa Jumapili.

MBWANA: Jumapili mpaka Jumanne? Ulianika wapi?

ZUHURA: Barazani, chini ya bati. Haya, jambo la kwanza, asubuhi…

MBWANA: Ngoja kidogo, dada. Asubuhi yako imeharibikia kwenye kamba. Tuizungumze kamba kwanza, dakika tano tu.

ZUHURA: Tano.

MBWANA: Watu husubiri jua, lakini nguo inahitaji zaidi upepo. Nguo inakauka usiku wa manane ikipata upepo, na inavunda saa saba mchana ikiukosa. Sasa itazame sare ya shule. Mgongo wa shati ni kitambaa kimoja, unakauka upesi. Kola, pindo za mikono, mkanda wa kiuno na midomo ya mifuko vimekunjwa mara mbili, vingine mara nne, na kola ina kile kitambaa kigumu ndani. Huko ndiko maji yanakobaki. Mzazi anashika mgongo, anasema limekauka, analikunja na kulitia kabatini. Kesho yake kola inanuka na shati zima limeshika uvundo.

ZUHURA: Na uvundo ule hautoki kwa manukato. Ni vijidudu vimekwisha kuzaana kwenye unyevu. Fua upya kwa sabuni, na kama ni pamba tupu, loweka kwanza kwenye maji ya moto.

MBWANA: Ushike kola na kiuno, mgongo uache. Halafu utundikaji wenyewe. Kaptula igeuze ndani nje, mifuko ining'inie. Usiikunje juu ya kamba, maana hapo unaongeza tabaka. Ibane kiunoni kwa vibanio vinne, duara la kiuno likae wazi kama mdomo wa kikapu ili upepo ushuke mpaka miguuni. Shati liweke kwenye henga, vifungo vyote wazi, kola imesimama. Kati ya nguo na nguo acha upana wa kiganja. Kamba ikijaa mpaka nguo zinagusana, umeanika rundo moja kubwa.

ZUHURA: Na kabla ya kuanika, ile ya taulo.

MBWANA: Naam. Tandaza taulo kavu, laza shati juu yake, viringisha kama mkeka, kisha kandamiza kwa magoti toka mwanzo hadi mwisho. Taulo linanyonya maji ambayo mkono hauwezi kuyakamua. Kola irudie kwa upande mkavu. Ila taulo moja linatosha mashati mawili na kaptula moja. Ukizidisha, taulo limelowa na halivuti tena.

ZUHURA: Soksi je? Maana wa kati wangu ana kesi. Anasema soksi ina ya kulia na ya kushoto. Ukimkosea, anakaa chini mlangoni na hatoki.

MBWANA: Mtoto huyo ana haki.

ZUHURA: Fundi!

MBWANA: Ana haki kabisa. Soksi mpya haina kulia wala kushoto. Ikishavaliwa wiki mbili, dole gumba limeivuta upande mmoja na kisigino kimekaa mkao wake. Ukimvalisha mguu mwingine, mshono wa mbele unapanda juu ya vidole. Ndani ya kiatu cha shule, tena kibichi, mshono ule unamkera mtoto kutwa. Chukua uzi mwekundu, shona mishono mitatu kwa ndani kwenye mdomo wa soksi ya kulia. Basi.

ZUHURA: Na ya mkubwa nitaijuaje?

MBWANA: Ya mkubwa uzi wa bluu. Na unapoanika, bana vidoleni, mdomo uangalie chini, lastiki isivutwe na kibanio.

ZUHURA: Kwa hiyo soksi ya kulia ipo.

MBWANA: Ipo.

ZUHURA: Mwanangu akisikia hili sitapumua. Haya, dakika tano zimepita. Lakini sasa na mimi umenichokoza, kwa sababu yote uliyosema ni ya mkubwa na wa kati. Mdogo hujamgusa. Nepi.

MBWANA: Nepi ni kitambaa bapa, kazi yake nyepesi.

ZUHURA: Kwenye kukauka, ndiyo. Hatari yake iko kwingine. Kuna yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini, au kwenye mchanga wenye mkojo. Yai linaanguliwa kwa siku moja mpaka tatu. Kifunza kinakaa kwenye kitambaa, kinaweza kusubiri hata wiki mbili. Kikigusa ngozi yenye joto, kinapenya. Mtoto hasikii kitu. Baada ya siku chache unaona kipele kama jipu, kinauma, na ukitazama kwa karibu kina kitundu kidogo katikati. Kile kitundu ndicho kifunza anachopumulia.

MBWANA: Hicho kitu kinatisha.

ZUHURA: Kina dawa rahisi. Usikikamue kikiwa kichanga, kitakatikia ndani na hapo ndipo usaha unapokuja. Paka mafuta mazito ya mgando, ziba kitundu kabisa, acha nusu saa au zaidi. Kikikosa hewa kinajitokeza, ndipo unaminya polepole kwa pembeni. Kama viko vingi, au viko karibu na jicho, mlete mtoto zahanati. Lakini bora kisiingie. Na jua kali yule nzi halipendi, ndiyo maana kiangazi hatusikii sana habari hizi. Sasa hivi jua letu ni waja leo waondoka leo. Linatoka saa nne, unaanika, saa tano unakimbia kuanua.

MBWANA: Kwa hiyo unashauri nini?

ZUHURA: Anika barazani kwenye hewa, kisha piga pasi kila kinachogusa ngozi. Nepi, fulana, chupi, shuka. Pande zote mbili, na ung'ang'anie kwenye mishono na mapindo, maana yai linakaa pale. Pasi iwe ya moto, si ya vuguvugu.

MBWANA: Hapo tunaachana.

ZUHURA: Nilijua.

MBWANA: Baraza kwa msimu huu siliamini. Wakati wa kusi unajua mvua inatoka wapi, unaanika upande wa pili. Sasa hivi kusi imekata na kaskazi haijatulia. Wazee wa pwani wanaita tangambili, upepo hauna msimamo. Mvua inapiga kutoka huku, baada ya nusu saa inapiga kutoka kule. Nguo ya barazani inalowa mara tatu kwa siku. Ndiyo Jumanne yako hiyo. Mimi nasema ndani. Funga kamba sebuleni toka ukuta hadi ukuta, dirisha liwe wazi, liwe na wavu, na feni ndogo ielekezwe kwenye kamba kwa mshazari. Jioni unaanika, alfajiri unavaa. Nzi hajaingia, pasi huihitaji.

ZUHURA: Nyumba ngapi hapa Ngamiani zina wavu dirishani?

MBWANA: Wavu ni mita mbili, fito nne na misumari midogo. Kazi ya Jumamosi moja. Unauweka mara moja na mbu nao umewapunguza.

ZUHURA: Na sebule ndiyo wanayolala watoto. Familia nyingi wana chumba na sebule. Nguo ya pamba iliyokamuliwa kwa mkono ina maji karibu sawa na uzito wake wenyewe. Nguo za watoto watatu za siku moja ni ndoo ndogo ya maji unayoimwaga hewani wanapolala. Ikinyesha kwa nguvu utafunga dirisha, huna hiari. Wiki mbili baadaye kona ya ukuta nyuma ya kabati ina ukungu mweusi. Mtoto mwenye pumu hapo halali. Nawaona kila Novemba.

MBWANA: Dirisha lisifungwe lote. Acha upana wa kiganja. Na feni isizimwe.

ZUHURA: Umeme ukikatika?

MBWANA: Ukikatika hata pasi yako haiwaki.

ZUHURA: Nina ya mkaa.

MBWANA: Haya, tuhesabu. Pasi ya umeme inakula wati 1,000 na zaidi. Feni ya mezani wati 50 hivi. Saa moja ya pasi ni saa 20 za feni. Na mikono ya mama hujaihesabu. Nepi ngapi kwa siku?

ZUHURA: Nane.

MBWANA: Nane, pande mbili, na mishono. Dakika tatu kila moja. Hizo ni dakika 24 kwa nepi peke yake, kabla hujagusa fulana za watatu. Mama huyo kaamka saa kumi, analala saa ngapi?

ZUHURA: Baba naye ana mikono. Dakika 24 ni chache kuliko kukaa kwenye foleni zahanati na mtoto analia.

MBWANA: Na pasi ya moto inaua nguo. Sare nyingi zina nyuzi za polista. Zinakauka upesi kwa sababu hazinywi maji sana, lakini ukiziwekea pasi ya moto unaotaka wewe zinang'aa, na mng'ao ule hauondoki. Lastiki ya chupi inakufa kabla ya Krismasi.

ZUHURA: Sare weka kitambaa kibichi juu ndipo upige. Lastiki ikifa nitabadilisha. Ngozi ya mtoto sibadilishi.

MBWANA: Na mimi nakwambia nguo ikilala ndani nyuma ya wavu, hilo yai halikuwekwa. Huwezi kuua kisichokuwepo.

ZUHURA: Unamkausha nzi unamloweshea mtoto mapafu.

MBWANA: Siyo ikiwa na feni.

ZUHURA: Mimi bado niko barazani.

MBWANA: Na mimi ndani. Wasikilizaji wametusikia.

ZUHURA: Moja tunakubaliana, nalisema kwa nguvu. Msiingize jiko la mkaa chumbani ili kukausha nguo, hata likiwa limebaki makaa mekundu tu yasiyo na moshi. Makaa yale ndiyo yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Familia inalala, haiamki.

MBWANA: Hilo halina mjadala. Wala nguo zisining'inizwe juu ya jiko jikoni. Shuka likidondoka, nyumba imewaka.

ZUHURA: Tumebaki na dakika ngapi?

MBWANA: Nne. Na viatu hatujagusa.

ZUHURA: Fundi, karatasi yangu!

MBWANA: Haraka. Kiatu kibichi toa unyayo wa ndani, legeza kamba zote, jaza gazeti lililofinyangwa mpaka vidoleni. Badilisha gazeti baada ya saa moja, kisha kabla ya kulala. Kilaze ubavu, kisikae wima, unyevu utoke kote. Usikiweke karibu na moto, gundi ya soli inaachia na ngozi inapasuka pale kidole kinapokunjika. Kikikauka ndipo unapaka rangi, si kabla. Rangi juu ya kiatu kibichi inafungia maji ndani.

ZUHURA: Na kiatu kina kulia na kushoto.

MBWANA: Hicho kila mtu anakubali. Soksi ndiyo inaonewa.

ZUHURA: Basi la mbu kwa kifupi. Mapipa na ndoo za maji zisuguliwe kwa brashi kila wiki. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Yule mbu anayeuma mchana hubandika mayai ukutani mwa pipa, juu kidogo ya mstari wa maji. Yanakaa makavu miezi, yakiguswa na maji yanaanguliwa. Kisha mfuniko unaobana. Asubuhi na matumbo tumeyakosa.

MBWANA: Nepi umesema nane kwa siku. Mama anunue ngapi?

ZUHURA: Hiyo nilitaka niisahau. Nane za leo, nane ziko kambani, nane zinasubiri kufuliwa. Ishirini na nne. Vuli hii ongeza nane, maana kuna siku ya kamba itakayoshindikana. Thelathini na mbili.

MBWANA: Ukianika ndani, ishirini na nne zinatosha.

ZUHURA: Thelathini na mbili, Fundi.