Usinisomee Wastani Peke Yake: Kuwapima Warushaji wa Spini wa Zamani

Asanteni sana, ndugu zangu wa kriketi. Nitaanza na Sonny Ramadhin, kama kawaida yangu. Wengine mmeshanisikia, nanyi mtanivumilia, kwa sababu mtu asiyeelewa yaliyompata Ramadhin kule Birmingham hana haki ya kumhukumu mrushaji yeyote wa spini, yule anayeuzungusha mpira ili ugeuke ukidunda, wa zama zile.

Ramadhin ni mtu wa Trinidad. Mwaka 1950 alichukuliwa kwenda Uingereza na timu ya West Indies akiwa amecheza mechi mbili tu za daraja la kwanza. Mikono ya shati ameifunga vifungo hadi kwenye kifundo cha mkono, kofia kichwani, na vidole ambavyo hakuna aliyeweza kuvisoma. Mpira mmoja unaingia, wa pili unatoka, na mkono ni ule ule, mwendo ni ule ule. Uwanjani Lord's, London, alichukua wiketi 11, yaani aliwatoa wapigaji mara 11. West Indies wakawashinda Waingereza nyumbani kwao kwa mara ya kwanza, na mfululizo mzima wakauchukua 3 kwa 1.

Sasa twende 1957, uwanja wa Edgbaston, hapo Birmingham. Zamu ya kwanza Ramadhin anachukua wiketi 7 kwa mikimbio 49 tu, yaani pointi alizowaachia wapigaji. Uingereza wote nje kwa 186. West Indies wanajibu kwa 474. Uingereza wanarudi, wanafika 113 wakiwa wamepoteza wiketi 3, na bado wana deni la mikimbio 175. Mechi imekwisha hiyo, si ndiyo? Hapo ndipo nahodha Peter May anapoungana na Colin Cowdrey.

Wakafanya nini? Kila mpira wasiouelewa, mguu wa mbele unasogezwa kwa hatua ndefu, pedi, ile kinga ya mguu, inatangulia, gongo linabaki ubavuni mwa pedi. Mpira unagonga pedi. Ramadhin anamgeukia mwamuzi, anapaza sauti kuomba mpigaji atolewe kwa kuzuia kwa mguu mpira uliokuwa unakwenda kwenye vijiti vilivyo nyuma yake. Mwamuzi kimya. Mpira mwingine, pedi, sauti, kimya. Kwa sheria ya siku zile, mpira ukigonga pedi nje ya mstari wa kijiti cha nje, mpigaji yu salama hata kama hakunyanyua gongo kabisa. Na hata pale mguu ulipokuwa kwenye mstari, waamuzi wa wakati ule waliamini kwamba mguu ukishanyooshwa mbele kiasi kile, huwezi kuwa na hakika kama mpira ungefika kwenye vijiti. Shaka yote akapewa mpigaji.

Wawili wale wakaweka mikimbio 411 pamoja. Cowdrey akatoka kwa 154, May akabaki uwanjani na 285. Ramadhin alirusha ova 98, kila ova mipira sita, katika zamu ile moja. Tisini na nane! Ukijumlisha na zamu ya kwanza, ni mipira 774 katika mechi moja ya Testi, ile ya siku kadhaa baina ya mataifa, rekodi. Malipo yake katika zamu ya pili: wiketi 2 kwa mikimbio 179.

Na baada ya hapo dunia ikasema, Ramadhin amesomwa, Ramadhin amekwisha. Hilo ndilo linalonikera miaka yote. Aliyemsoma mrushaji humpiga kwa gongo. Anayezuia kwa mguu saa baada ya saa anakiri kwamba hajui mpira unaelekea wapi! Miaka ya 1970 sheria ikabadilishwa, kwamba asiyejaribu kuupiga mpira anaweza kutolewa hata ukimgonga nje ya mstari. Kwa Ramadhin, mabadiliko hayo yalifika amechelewa kuyafaidi.

Kuna kijana ataniambia: "Mzee, sheria ilikuwa moja kwa wote." Sawa kabisa. Basi mpime na wenzake wa sheria ile. Usimchukue Ramadhin mwenye wiketi 158 kwa wastani wa mikimbio 28.98 kwa kila wiketi, ukamweka kando ya Mwingereza Graeme Swann mwenye wiketi 255 kwa wastani wa 29.96, ukaniambia ni mizani moja. Swann alianza Testi Desemba 2008, wakati ule ule mfumo wa kurudia uamuzi kwa picha ulipokuwa unaanza. Waamuzi wakaona kwenye skrini kwamba mipira mingi inayogonga pedi ya mguu wa mbele ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwenye vijiti, na vidole vyao, ishara ya kumtoa mpigaji, vikaanza kunyanyuka. Simpunguzii Swann kitu, alikuwa hodari. Lakini mpe Ramadhin siku moja tu ya waamuzi wa namna hiyo pale Edgbaston, halafu niambie Cowdrey angefika ngapi.

Mwingine atasema warushaji wa zamani walibebwa na pichi, ile ardhi mpira unapodundia, kwamba ziliachwa wazi kwa mvua na jua. Wengine walisaidiwa, sikatai. Derek Underwood kwenye pichi iliyolowa alikuwa balaa, na wiketi zake 297 kwa wastani wa 25.83 zina mvua ndani yake. Lakini tazameni Old Trafford 1956. Jim Laker alichukua wiketi 19 kwa mikimbio 90 dhidi ya Australia, na kila mtu analaumu pichi. Upande wa pili alikuwa Tony Lock, naye mrushaji mkubwa wa spini. Laker alirusha ova 68, Lock 69. Pichi ile ile, wapigaji wale wale. Lock alipata wiketi ngapi? Moja. Kama pichi ndiyo iliyorusha, mbona ilimbagua Lock?

Naona saa inanikimbiza. Wadakaji nao muwahesabu, maana mpigaji hutoka pia mpira aliopiga ukidakwa: Subhash Gupte wa India alichukua wiketi 9 kwa 102 pale Kanpur mwaka 1958, na ya kumi ilidondoshwa na mlinda wiketi wake mwenyewe. Warushaji wa spini wa India waliomfuata, Bedi, Prasanna, Chandrasekhar na Venkataraghavan, walikuwa na Eknath Solkar akisimama karibu na gongo bila kuogopa, akadaka 53 katika Testi 27. Wastani hauna safu ya wadakaji. Rajinder Goel alichukua wiketi 637 za Ranji Trophy, mashindano ya ndani ya India, na hakucheza Testi hata moja, kwa kuwa nafasi ilikuwa ya Bedi. Huyo mtampima kwa kitu gani? Yake yanataka siku nzima, nayaacha.

Nije nyumbani. Juni 1975, Kombe la Dunia, Leeds, Afrika Mashariki dhidi ya India. Bishan Bedi alirusha ova 12, nane kati ya hizo bila mkimbio hata mmoja, akatoa mikimbio 6 jumla. Wiketi? Moja. Madan Lal alichukua tatu, na kwenye orodha ya wiketi yeye yuko juu. Ila vijana wetu waliobanwa na Bedi siku ile wote walitoka kwa mikimbio 120.

Na Aasif Karim wetu wa Mombasa, Durban, Machi 2003, dhidi ya mabingwa Australia: ova 8 na mipira 2, ova 6 tupu bila mkimbio, mikimbio 7, wiketi 3, akiwa na umri wa miaka 39. Ukifungua takwimu zake za mechi za kimataifa za siku moja utakuta wiketi 27 basi, na kijana asiyejua atapita. Nani aliandika ova zake za klabu za Jumapili, miaka yote ile kabla ya Durban? Kwa hiyo ninaomba jambo moja kabla ya maswali. Mwenye daftari za skoa za klabu zetu, ziwe za Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Unguja, hata zilizoliwa na mchwa, azipige picha ukurasa kwa ukurasa mwezi huu, na aandike pembeni nani alikuwa mwamuzi na nani alidondosha nini. Haya, swali la kwanza.