Taa ya Tairi Ikinyamaza

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, madereva, assalaam aleikum na hamjambo.

Naomba kwanza mpokee kidude hiki, kihisi cha upepo wa tairi, kipitishwe mkono kwa mkono. Bwana wa mstari wa mbele, anza wewe, ukishakitazama mpe jirani. Hata kikianguka hakuna hasara, maana kimeshakufa. Nimekitoa juzi ndani ya gurudumu la gari lililokuja na meli. Kinatoshana na kibiriti, na uzito wake ni kama gramu 30 na kitu. Ndani mna kipima presha, kipima joto, redio ndogo na betri, vyote vimemiminiwa plastiki ngumu ili maji na vumbi visipite. Betri ikiisha haibadilishwi. Unanunua kidude kizima.

Kilipokuwa hai kazi yake ilikuwa hii. Kimefungwa kwenye valvu, upande wa ndani wa rimu. Gari likisimama kinalala ili kisile betri bure. Magurudumu yakizunguka kinaamka, kinapima, na kila baada ya dakika moja hivi kinatuma ujumbe kwa redio: namba yangu ni hii, presha ni hii, joto ni hili. Upepo ukiporomoka ghafla hakingoji zamu yake, kinatoa taarifa hapo hapo. Huku juu kuna kipokezi kinachozijua namba za vihisi vyake kama mchungaji anavyojua mbuzi wake. Kikisikia namba ngeni, labda ya gari lililo kando yako kwenye foleni ya feri ya Likoni, kinaipuuza. Presha ikishuka kupita mpaka uliowekwa, taa ya manjano inawaka kwenye dashibodi, ile inayofanana na kiatu cha farasi chenye alama ya mshangao katikati. Mteja wangu mmoja anaiita sufuria. Nami nimezoea, naiita sufuria.

Sasa nije kwenye neno lililonileta. Kila wiki naambiwa, "Fundi, sufuria haijawaka, kwa hiyo upepo uko sawa." Hiyo "kwa hiyo" ndiyo ninayoikataa.

Tuanze na mpaka wenyewe. Chukua gari ambalo kibandiko cha mlangoni kinataka psi 32, psi ikiwa ndicho kipimo cha presha ya tairi. Kanuni ya Marekani inasema taa iwake presha ikipungua kwa asilimia 25. Pigeni hesabu: psi 24. Maana yake unaweza kutoka hapa Mombasa hadi Voi ukiwa na 26, watu watano ndani na mizigo juu, ubavu wa tairi unajikunja na kujikunjua mamia ya mara kila dakika, unapata moto, nyuzi za ndani zinachoka, na taa haijasema neno. Wala haijaharibika. Inafanya vile ilivyoagizwa. Ulaya wamekaza kidogo: asilimia 20, na tairi moja likipata pancha taa iwake ndani ya dakika 10. Upepo ukivuja polepole kwenye matairi yote, wameruhusu dakika 60. Marekani ni dakika 20. Dakika 20 kwenye barabara kuu ni kilomita 30 hivi.

Mpaka huo ulitoka wapi? Ulitoka msibani. Mwaka 2000 matairi ya Firestone yaliyofungwa kwenye magari ya Ford Explorer yalikuwa yakibanduka kashata, ule mpira wa juu unaokanyaga lami, barabarani na magari yakipinduka. Waliokufa walipita 200. Agosti mwaka huo Firestone ikaita matairi milioni 6.5 yarudishwe. Makampuni hayo mawili yakaanza kutupiana lawama, na upepo ulikuwa ndani ya ugomvi: Ford iliandika psi 26 kwenye kibandiko, Firestone ikasema ilipaswa kuwa 30. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria iitwayo TREAD, iliyotaka kila gari jipya limwonye dereva tairi likipungua upepo. Serikali ilipoandika kanuni ikajaribu kuacha mlango wazi kwa mtambo wa bei nafuu usioweza kuona zaidi ya tairi moja lililopungua. Public Citizen, chama cha kutetea wanunuzi, kikaenda mahakamani, na mwaka 2003 mahakama ya rufaa kule New York ikaitupa kanuni hiyo. Magari mapya yakaanza kufungwa vifaa hivi mwishoni mwa 2005, na kufikia Septemba 2007 ikawa lazima kwa yote. Ulaya ikafuata Novemba 2012 kwa aina mpya za magari, na Novemba 2014 kwa kila gari dogo jipya.

Msinielewe vibaya, kifaa kinafaa. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilipofanya utafiti uliotolewa 2012, ilikuta magari yenye mtambo huu yana uwezekano mdogo kwa zaidi ya nusu wa kutembea na tairi lililopungua vibaya. Nusu si haba. Lakini hao ni watu wenye magari ya miaka michache, na sisi tunajua tunaendesha nini.

Yule mtambo wa bei nafuu naye hakufa, alirudi shule. Umo kwenye magari mengi ya leo, na mwenye gari hajui kama anao huu au ule wa kidude. Huu hauna chochote ndani ya tairi. Unasoma vihisi vya ABS (mfumo wa breki unaozuia gurudumu kujifunga), vile vinavyohesabu mizunguko ya kila gurudumu. Mrefu na mfupi wakiongozana sokoni, mfupi hupiga hatua nyingi zaidi. Basi tairi lililopungua upepo limefupika kimo, milimita moja au mbili tu, nalo huzunguka mara nyingi kuliko wenzake. Kompyuta inaona tofauti hiyo, inawasha sufuria.

Mmeshauona udhaifu? Kijana pale ametikisa kichwa, ameuona. Mtambo huu unalinganisha tairi na tairi. Yakipungua yote manne sawasawa, hakuna aliye mfupi kuliko mwenzake, na taa inatulia. Na hivyo ndivyo upepo unavyopungua kwa kawaida! Tairi zima, lisilo na pancha, hupoteza psi moja au mbili kwa mwezi kwa kupenya kwenye mpira wenyewe. Miezi mitano bila kupima presha kwa geji, yote manne yameshuka pamoja. Mitambo ya karibuni inajitahidi kwa kusikiliza pia jinsi tairi linavyotetemeka, kwa kuwa tairi laini halitetemeki kama gumu. Kampuni moja ya Sweden, NIRA Dynamics, imejipatia jina kwa kazi hiyo. Lakini hata hiyo inahitaji kufundishwa kwanza presha sahihi ni ipi, na mwalimu ni wewe, kwa kubonyeza kitufe.

Kitufe hicho kimeniletea vituko. Alikuja bwana mmoja, gari linavuta kushoto. Nikaweka geji: 22, 22, 21, na la mbele kushoto 17. Nikamuuliza taa. Akasema, "Iliwaka mwezi uliopita, nikabonyeza, ikazima." Alidhani anaizima kengele. Alichokuwa anaiambia kompyuta ni kwamba matairi yalivyo sasa ndivyo yanavyotakiwa kuwa, na kompyuta, kwa adabu zake, ikakubali. Kitufe kile hubonyezwa baada ya kujaza upepo kwa geji, matairi yakiwa baridi.

Nirudi kwa kidude mlichoshika. Betri yake huishi miaka mitano, saba, ikizidi sana kumi. Sasa tazameni bandari yetu. Sheria ya Kenya inaruhusu gari lililotumika lisilozidi miaka minane. Kwa hiyo gari linashuka melini, linang'aa, limepakwa nta, na vihisi vyake viko kwenye sakarati. Magari mengi ya soko la Japani hayana mtambo huu kabisa, na hayo hayana shida: hakuna taa ya kukudanganya. Yaliyo nao ndiyo ya kuchunguza. Na ukienda kununua kihisi kipya, uliza masafa ya redio. Gari la soko la Japani kwa kawaida husikia megahezi 315, lililotoka Uingereza husikia 433. Vinafanana kama mapacha, vinaingia kwenye rimu ile ile, lakini mmoja anaongea na mwenzake hasikii. Mteja amelipa, fundi amefunga, balansi imefanywa, sufuria bado inawaka.

Inawakaje? Hapa nawaomba masikio. Ikiwaka moja kwa moja, tairi limepungua. Ikipepesa kama dakika moja, moja na nusu, ndipo ikatulia imewaka, mtambo wenyewe ndio mgonjwa, na tangu hapo haukulindi tena. Anayebandika tepu nyeusi juu yake, nao nimewaona, hawezi kutofautisha. Marekani wako mafundi wa nyumbani waliokwenda mbali zaidi: wanafunga vihisi vinne ndani ya bomba la plastiki lililojazwa upepo, bomba linakaa buti, na dashibodi inasoma matairi manne yenye afya njema. Ubunifu upo, siukatai.

Swali ninaloulizwa sana na madereva wa masafa marefu ni la Nairobi. Unajaza hapa pwani, unapima asubuhi kule juu, kipi ni kweli? Hapa mambo mawili yanavutana. Joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, tairi la kawaida hupoteza karibu psi moja na nusu. Kutoka nyuzi 32 za Mombasa hadi 14 za alfajiri ya Nairobi, umepoteza karibu tatu. Lakini Nairobi iko mita 1,700 juu ya bahari, presha ya hewa ya nje inayolisukuma tairi ni pungufu ya hapa kwa psi mbili na nusu hivi, kwa hiyo geji inasoma zaidi kwa kiasi hicho. Vinakaribia kufutana. Ndiyo maana wengi wenu hamjawahi kuona tofauti, mkadhani fizikia ni ya vitabuni. Anayeshuka kuja pwani naye mchana, asitoe upepo kwa kuwa tairi limepata moto njiani. Alale, apime asubuhi.

Mafundi wa pancha, msikasirike, nanyi mna sehemu yenu. Vihisi vingi nilivyoona vimevunjika, vilivunjwa na chuma cha kung'olea tairi kikiingizwa palepale penye valvu. Anzeni upande wa pili. Dawa ya kuziba pancha inayopulizwa kupitia valvu inaweza kuziba tundu la kipima presha. Na hapa kwenye chumvi ya bahari, valvu ya alumini ukiiwekea sindano ya shaba tupu au kofia ya shaba inayong'aa, mwaka ukipita vimeshikana, na ukizungusha shingo inakatika mkononi. Kofia ya plastiki haina urembo, ila inafunguka.

Kuna na vile vya kufunga nje mahali pa kofia, vinavyouzwa na kioo kidogo cha sola. Vinapima vizuri. Vinaibiwa vizuri pia. Na kwa kuwa vinaishikilia sindano ya valvu ikiwa wazi muda wote, mpira wao mdogo ukichoka, kilichonunuliwa kulinda upepo ndicho kinachouvujisha.

Kuhusu naitrojeni ya kujaza tairi inayouzwa vituo vya mafuta: hewa mnayovuta sasa ni naitrojeni kwa asilimia 78. Tuendelee.

Sasa ni saa nne kasorobo, na wengi mlifika saa moja. Matairi yameshapoa, ila yaliyo upande wa jua yatasoma juu kidogo, kwa hiyo tutaanza na magari yaliyo chini ya mwembe. Geji ninazo tatu. Kila mwenye gari aandike kwanza kwenye karatasi anadhani ana psi ngapi, na kama sufuria yake inawaka au la, ndipo tupime. Na kidude changu kimefika wapi? Naona kiko kwa kijana wa mwisho. Njoo nacho, wewe ndiye utakayeshika geji.